Zamu za mashine: namna ya kugawa kazi kwenye kompyuta za pamoja, kutoka chumba kimoja cha Lamu

Chumba chetu kiko Langoni, ghorofa ya pili, na mna kompyuta tano: nne ndogo na moja kubwa. Wanaozitumia ni vikundi vitatu. Watu wa hati wanapiga picha kurasa za Kiswahili cha kale kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha mashine inazinyoosha, inapunguza madoa ya unyevu na kuzikata ukurasa mmoja mmoja. Wapiga video wanatengeneza filamu za harusi. Vijana wa mikoko wanachambua picha za setilaiti za Sentinel-2 ili waone msitu umepungua wapi na umerudi wapi.

Zamani tulitumia daftari. Anayewahi anaandika jina, anayechelewa anangoja. Ukiutazama upesi, utaratibu huo hauna dhuluma. Mpaka Jumatatu moja Maalim wa hati akafika asubuhi na kazi ya dakika 20, akakuta mashine zote tano zimeshikwa na harusi nne zilizowekwa Ijumaa usiku. Alikaa barazani hadi adhuhuri. Nilipomshukia na kahawa akaniambia, "Mwanangu, hata kisimani mwenye kata moja hupishwa na mwenye mapipa."

Nikajaribu njia yake: kazi fupi zitangulie. Ilidumu wiki mbili. Vijana wa mikoko, ambao kazi yao moja huchukua saa tisa, hawakupata mashine hata siku moja, kwa sababu kila zilipokaribia kuwa wazi hutokea mtu mwenye kata. Hapo nikajua kwamba foleni pekee haitoshi. Anayegawa zamu lazima akumbuke nani alikula nini jana, na lazima ajue kusahau pia. Mengi ya mwongozo huu ni maelezo ya mambo hayo mawili.

Kabla hujaanza, jiulize kama unahitaji haya yote. Ukiwa na mashine mbili na watu watatu wanaoelewana, daftari linatosha. Ikiwa mashine zako ni za mezani, mchana zina watu na usiku zimelala, itazame HTCondor, programu iliyoanza Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison miaka ya 1980 kwa nia hasa ya kuokota muda wa mashine zilizolala. Sisi tunatumia Slurm. Ni ya bure, ilianzia Lawrence Livermore National Laboratory huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo inagawa zamu kwenye kompyuta kuu nyingi duniani. Haioni aibu kufanya kazi kwenye mashine tano kuukuu.

Hatua ya 1: hesabu ulicho nacho

Ingia kila mashine, andika `slurmd -C`. Itakutolea mstari wenye idadi ya kori za prosesa (mikono yake ya kufanyia kazi) na kiasi cha RAM (nafasi ya muda ya kazi inayoendelea), tayari kunakiliwa kwenye faili la mipangilio, `slurm.conf`. Zetu ndogo zina kori 8 na RAM ya GB 16 kila moja. Kubwa ina kori 16 na GB 64. Jumla kori 48 na GB 128.

Usitangaze RAM yote. Mfumo wenyewe nao unakula. Sisi tulipunguza GB 1 kwa kila mashine ndogo na GB 4 kwa kubwa, tukabaki na GB 120 za kugawana. Punguza namba ya `RealMemory` katika faili lile, na mgawa zamu, yaani Slurm, hatajua kwamba kuna akiba.

Kisha andika mistari hii miwili, wala usiiruke:

`SelectType=select/cons_tres`
`SelectTypeParameters=CR_Core_Memory`

Neno Memory likikosekana hapo, atahesabu kori peke yake. Kazi tatu zenye njaa ya RAM zitarundikwa mashine moja, nayo itagota kama punda aliyezidishiwa mawe. Ili mtu aliyeomba GB 2 asije akala 10 kimyakimya, washa pia `TaskPlugin=task/cgroup`, na katika `cgroup.conf` uweke `ConstrainRAMSpace=yes`.

Ukiwa umezifungua mashine, tazama kutu. Hewa yetu ya chumvi haimbagui mtu wala ubao wa kompyuta.

Hatua ya 2: jua kazi zenyewe

Wiki moja, usibadilishe kitu. Bandika karatasi mlangoni, kila mtu aandike kazi yake imetumia kori ngapi, RAM kiasi gani, saa ngapi, na kama ikikatika katikati inaweza kuendelea au inaanza upya. Safu hii ya mwisho wengi huisahau, na hapa petu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Utaelewa tukifika kwenye stima.

Karatasi yetu ilionyesha kazi za namna tatu. Video hutaka kori nyingi na RAM kidogo. Hati hutaka kori moja tu, lakini picha zao ni kubwa mno, RAM inaliwa. Mikoko hutaka vyote kwa kiasi, na kwa muda mrefu.

Hatua ya 3: kubalianeni mafungu, mkiwa mmekaa

Jambo hili halitatuliwi kwa kompyuta. Waite watu wote kikao kimoja. Sisi tulibishana kutoka alasiri hadi magharibi. Wapiga video walisema mashine kubwa ni wao walioileta, na bili ya stima wao ndio wanaoichangia zaidi. Maalim alisema hati zinaoza, harusi hazikomi. Mwisho tukakubaliana: video asilimia 40, hati 30, mikoko 30.

Namba hizo zina maana tu pale kila mtu anapotaka kazi kwa wakati mmoja. Kikundi kikiwa kimelala, fungu lake lisilale nalo. Kanuni yake ni rahisi kuihesabu kwa kalamu. Tuseme mafungu ni sawa, na leo hati wanataka kori 6, mikoko 20, video 40. Jumla ni 66, tuna 48. Fungu la kila mmoja ni 16. Hati wanataka 6 tu, basi wapewe 6 zao waondoke. Zimebaki 42 kwa wawili, yaani 21 kila mmoja. Mikoko wanachukua 20 zao, wameridhika. Video wanapata zote zilizobaki, 22. Hakuna aliyenyimwa haja yake ndogo kwa sababu ya haja kubwa ya mwenzake, na hakuna kori iliyokaa bure. Mwenye mahitaji madogo hushiba kwanza, na mwenye mengi hupata kile ambacho wengine hawakukitaka.

Ugumu unaanza vitu vikiwa viwili, kori na RAM. Mpiga video mmoja aliniuliza, "Kaka, hawa wa hati wanatumia kori tisa, mimi natumia 36, mbona unasema tuko sawa?" Swali zuri. Mwaka 2011 Ali Ghodsi na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa kanuni ya kulijibu: mpime kila mtu kwa kile anachokishika kwa sehemu kubwa zaidi. Kazi moja ya video hutaka kori 4 na GB 2. Kori 4 kati ya 48 ni moja ya kumi na mbili. Kazi moja ya hati hutaka kori 1 na GB 10. GB 10 kati ya 120, nayo ni moja ya kumi na mbili. Kwa hiyo kazi moja ya video ina uzito sawa na kazi moja ya hati. Weka tisa za kila upande: video wameshika kori 36, robo tatu ya kori zote. Hati wameshika GB 90, robo tatu ya RAM yote. Wako sawa, ingawa kwa macho hawafanani.

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Kwenye mashine zenyewe hazikai tisa kwa tisa, kwa sababu kazi moja haikatwi ikalala mashine mbili. Mashine ndogo yenye GB 15 hubeba kazi moja ya hati na moja ya video, kisha kori 3 zinabaki zikitazamana. Mimi hupata saba za video na nane za hati, na sioni haya. Anayekuahidi kwamba mashine zitajaa mpaka pomoni hajawahi kuzipakia.

Katika Slurm kanuni hii haikai kama ilivyoandikwa, ila unaweza kuikaribia. Kwenye mstari wa kundi la mashine (unaoanza na `PartitionName`) weka `TRESBillingWeights="CPU=1.0,Mem=0.4G"`, na penye `PriorityFlags` uweke `MAX_TRES`. Hiyo 0.4 imetokana na 48 gawa kwa 120. Sasa kazi ya kori 4 na GB 2 inatozwa 4, na kazi ya kori 1 na GB 10 inatozwa 4 vilevile. Mpiga video alipoona kwamba malipo ni sawa, akanyamaza. Kuridhika sijui.

Hatua ya 4: ziunganishe

Hapa nitapita haraka, maelekezo ya kusakinisha yako tele. Vitu vinne ndivyo vinavyowapoteza watu: namba ya mtumiaji iwe ileile kila mashine (andika `id` uhakikishe), folda ya pamoja ionekane kwa njia ileile kila mahali, ufunguo wa `/etc/munge/munge.key` uwe nakala moja, na saa zilingane.

La saa lilinipotezea siku nzima. MUNGE ndiyo inayothibitisha kwamba ujumbe umetoka kwa mashine mwenza, na hati yake ya utambulisho huishi dakika tano kwa kawaida. Stima ilikatika usiku. Iliporudi, mashine moja yenye betri iliyokufa ya ubao mkuu iliamka ikidhani ni miaka mingi nyuma. Wenzake wakaikataa kabisa. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha ufunguo, nikalaumu kila kitu isipokuwa betri ya bei ya kikombe cha maziwa lala. Badilisha betri zote kabla hujaanza, kisha weka `chrony` ilinganishe saa.

Hatua ya 5: kumbukumbu inayofifia

Sasa tumefika penyewe. Wazo si geni. Mwaka 1988 Judy Kay na Piers Lauder wa Chuo Kikuu cha Sydney walieleza mgawa zamu anayetazama matumizi ya kila mtu kwa muda mrefu, badala ya kutazama nani yuko mlangoni sasa hivi. Aliyetumia zaidi ya fungu lake hivi karibuni anasogea nyuma. Aliyetumia pungufu anasogea mbele. Na matumizi ya zamani yanapungua uzito kadiri siku zinavyopita, kama dawa mwilini.

Anza kwa kuwasha hazina ya kumbukumbu, `slurmdbd`, kwa sababu bila hiyo hakuna cha kukumbuka. Fungua akaunti za vikundi:

`sacctmgr add account video fairshare=40`
`sacctmgr add account hati fairshare=30`
`sacctmgr add account mikoko fairshare=30`

Kisha katika `slurm.conf`:

`PriorityType=priority/multifactor`
`PriorityDecayHalfLife=7-0`
`PriorityWeightFairshare=10000`
`PriorityWeightAge=2000`
`PriorityMaxAge=3-0`

Mstari wa pili ni nusu-maisha ya kumbukumbu, siku saba. Ukitumia saa-kori 400 leo (kori moja kwa saa moja ni saa-kori 1), wiki ijayo zitahesabiwa 200, wiki inayofuata 100. Kanuni ya asili ya alama inasema: 2 ipandishwe kwa hasi ya matumizi gawa kwa fungu. Tuseme siku za karibuni video wamekula asilimia 60 ilhali fungu lao ni 40. Alama yao ni kama 0.35. Mikoko wamekula 30 na fungu ni 30, alama 0.5 kamili. Hati wamekula 10 tu katika 30 zao, alama 0.79. Kazi mpya za hati zinatangulia. Matoleo ya sasa ya Slurm hulinganisha kwa mti, akaunti kwa akaunti kuanzia juu, kwa hiyo namba utakazoziona kwenye amri ya `sshare` hazitakuwa hizi hizi. Roho yake ni ileile.

Nusu-maisha uipange kwa kufikiri. Niliwahi kuweka siku 30. Wiki ya Maulidi mji ulijaa wageni, wapiga video wakafanya kazi usiku na mchana, na baada ya hapo waliadhibiwa mwezi mzima, hata siku ambazo hawakuwa na kosa jipya. Wakaanza kununiana. Nilipoweka siku 2, mambo yakageuka: mtu anashika mashine zote Jumatano, Ijumaa amesamehewa, anarudia. Siku saba zinafuata mwendo wa watu wa hapa, wanaohesabu kwa Ijumaa.

Mstari wa `Age` ndio unaolinda wanyonge wa namna nyingine. Kazi inayongoja huongezewa alama polepole, mpaka siku tatu. Bila huo, kazi ya aliyezidisha inaweza kungoja bila mwisho. Uzito wake uwe mdogo kuliko wa mafungu. Ukiwa mkubwa, umerudisha daftari, na Ijumaa usiku pamoja nalo.

Na kuna tundu moja katika ngalawa hii. Alama hupanga foleni tu, hazina nguvu juu ya kazi iliyokwisha kuanza. Saa nane ya usiku hakuna mtu, kikundi kimoja kinaweka kazi ya siku tatu kwenye kori zote 48, mgawa zamu anaona mashine wazi na foleni tupu, anamruhusu. Asubuhi alama za wengine ni nzuri na hazinunui kitu. Dawa ni mbili. Kwanza, `MaxTime=12:00:00` kwenye kundi la mashine; mwenye kazi ndefu aigawe. Pili, kiwango cha juu kwa kikundi:

`sacctmgr modify account video set GrpTRES=cpu=40`

na `AccountingStorageEnforce=limits` ili kiwango kifuatwe. Ndiyo, kuna usiku kori 8 zitakaa bure. Nimeukubali upotevu huo, kwa sababu kori 8 ndizo zinazomfanya Maalim amalize kazi ya dakika 20 akarudi darasani.

Hatua ya 6: jaza mianya

Aliyewahi kuona miti ya mikoko ikipakiwa jahazini anaijua hatua hii. Nguzo na boriti hupangwa kwanza, na kati yake hubaki mianya ambayo fito huingia bila kumsogeza mtu. Wa kompyuta waligundua hivyo hivyo. Mwaka 1995 David Lifka wa Argonne National Laboratory alieleza mgawa zamu anayeruhusu kazi ndogo kuruka foleni, kwa sharti moja: isimcheleweshe aliye mbele.

Tazama mashine yetu kubwa. Kazi moja imeshika kori 12 na imebakiza saa 3. Aliye wa kwanza kwenye foleni anataka kori zote 16. Hawezi kuingia, na kori 4 zimekaa bure. Akija mtu na kazi ya kori 4 ya saa 2, aingie, atatoka kabla ya zile 12 hazijaachiwa. Akija na kazi ya saa 5, hapana, angemzuia wa kwanza. Slurm hufanya hivi yenyewe, `SchedulerType=sched/backfill`.

Ila inafanya hivyo kwa kuamini muda ulioandika wewe. Na watu hudanganya. Wengi si kwa ubaya, ni woga: kazi ikipita muda wake inakatwa, basi mtu wa saa 2 anaandika saa 12. Mianya yote inamwona ni nguzo. Anangoja nje na fito yake mkononi.

Hivi ndivyo ninavyowafundisha. Endesha kipande kidogo kwanza, tuseme kurasa 60. Zikichukua dakika 10, kurasa 600 ni kama dakika 100. Ongeza theluthi, andika saa 2 na robo unapotuma kazi:

`sbatch --account=hati --cpus-per-task=1 --mem=10G --time=02:15:00 kurasa.sh`

Baadaye tazama umekosea kiasi gani:

`sacct -o JobID,Elapsed,Timelimit,ReqMem,MaxRSS`

Mtu akiomba GB 10 na `MaxRSS`, yaani RAM aliyoitumia kweli, ikasema 3, amelipia GB 7 za hewa na amewafungia wenzake mlango. Weka pia `DefaultTime` ya dakika 30. Asiyeandika muda hupewa huo, la sivyo Slurm itamchukulia kwamba ameomba muda wa juu kabisa. Mara ya kwanza kazi ikikatwa watalalamika. Mara ya pili wanaandika muda.

Hatua ya 7: mwenye kata elfu

Maneno ya Maalim kuhusu kata yalinirudi siku nyingine. Mwanafunzi wake mmoja aliweka kazi 3,000, ukurasa mmoja kila kazi, sekunde 10 kila moja. Mgawa zamu alitumia nguvu nyingi kufungua na kufunga kuliko kusafisha kurasa, na foleni ikawa ndefu hadi hatukuiona mwisho wake.

Funga mizigo. Kurasa 60 kwa kazi moja, 3,000 zinakuwa kazi 50, na uziweke kama safu moja:

`sbatch --array=1-50%6 kurasa.sh`

Ile `%6` inamaanisha zisiende zaidi ya sita kwa pamoja. Ndani ya skripti, `$SLURM_ARRAY_TASK_ID` hukwambia uko mzigo wa ngapi. Bila kubadilisha mipangilio, namba ya juu kwenye safu ni 1000. Kazi ya dakika 10 hadi saa moja ndiyo saizi inayopendeza: inatosha kujaza mianya, na ikikatika hujapoteza mengi.

Hatua ya 8: stima

Stima itapotea. Jenga ukijua hivyo. UPS zetu, zile betri za akiba, hutupatia dakika chache tu za kuzima kwa adabu.

Kwa upande wa mfumo, weka `ReturnToService=2`. Bila hiyo, mashine iliyozimika ghafla ikiamka huhesabiwa mbovu mpaka wewe uje uiruhusu kwa mkono, na stima hapa hupenda kurudi saa tisa ya usiku.

Kwa upande wa kazi, Slurm ikiipoteza mashine iliyobeba kazi, huirudisha kazi hiyo foleni ianze upya. Shida ni mabaki. Kazi iliyokatika imeacha faili nusu, ile mpya inaliona faili, inadhani limekwisha, inaliruka. Tulipata kurasa zilizokatika kiunoni. Tangu hapo kila skripti huandika faili la muda, na ikimaliza kabisa ndipo hulipatia jina lake kwa amri ya `mv`. Kazi ikirudi, inaruka yenye jina kamili na kurudia mengine. Kwa video, kata filamu vipande vya dakika tano, utengeneze kila kipande peke yake, uviunge mwisho. Saa tisa za mikoko nazo tuligawa kwa mwezi wa picha: kila mwezi ukimalizika, matokeo yanahifadhiwa.

Hatua ya 9: mashine ya Shela

Mwaka huu mtu alitupatia mashine ya sita, iko Shela, kama kilomita tatu kutoka mjini. Nilifurahi, kisha nikahesabu. Mtandao wetu huku na kule hupitisha megabiti 20 kwa sekunde siku njema. Harusi moja ni GB 40. Hiyo ni zaidi ya saa nne kusafirisha, na ukitembea pwani na diski mfukoni unafika kwa dakika 40 ukiwa umepunga upepo.

Kwa hiyo mashine hiyo haiko kwenye kundi moja na nyingine. Ina kundi lake, na mtu huichagua kwa makusudi. Kinachokwenda huko ni kazi nzito zenye data nyepesi, au kazi ambazo data yake imeshafika. Mgawa zamu hajui umbali. Yeye akiona kori wazi anatuma. Umbali ni lazima umwambie wewe.

Hatua ya 10: Jumatatu

Kila Jumatatu nachapa karatasi moja, nabandika mahali palipokuwa na daftari. Ina vitu vitatu. Matumizi ya kila kikundi dhidi ya fungu lake, kutoka `sshare -a`. Muda wa katikati wa kungoja kwa kila kikundi, kwa sababu wastani hudanganywa na kazi moja iliyosahauliwa. Na sehemu ya muda ambao mashine zilikaa bure, kutoka `sreport cluster utilization`. Sikimbilii namba hii ya mwisho ifike juu kabisa. Mashine zikijaa muda wote, foleni hurefuka haraka kuliko unavyotarajia, na mwenye haraka hapati pa kupita.

Karatasi imepunguza ugomvi kuliko mpangilio wowote nilioandika. Mtu akija na lawama tunaisoma pamoja. Mara nyingine yeye ndiye mwenye haki, na huwa nimekosea namba.

Kabla ya Ramadhani harusi hufuatana, na wapiga video huomba fungu lao lipandishwe. Sipandishi. Wakikubaliwa na wenzao kikaoni, ninawawekea mashine kubwa kwa siku maalum:

`scontrol create reservation ReservationName=harusi StartTime=2026-02-06T18:00:00 Duration=36:00:00 Nodes=kubwa Accounts=video`

Nao hutuma kazi zao kwa `--reservation=harusi`. Matumizi yanahesabiwa kwenye fungu lao kama kawaida. Na wakimaliza mapema wanipigie simu, nifute nafasi kwa `scontrol delete ReservationName=harusi`, maana mpaka muda wake uishe hakuna kikundi kingine kinachoweza kuigusa mashine hiyo, hata ikiwa imekaa tu inavuma feni.